Nimeandikiwa hotuba ya umoja niisome, na najua si kweli

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa mwaka wa tatu chuoni, na tangu muhula uliopita ni makamu wa rais wa serikali ya wanafunzi. Chuo kinakaribia kupokea wanafunzi wapya, na siku hiyo nimepangiwa kupanda jukwaani, mbele yao na wazazi wao, nisome hotuba fupi kuhusu utofauti wetu na jinsi chuo kinavyomkaribisha kila mtu.

Hotuba yenyewe sikuiandika. Imetoka ofisi ya uhusiano ikiwa imeshachapwa, na chini kuna jina langu. Mengi yaliyomo sina neno nayo. Kuna sentensi moja iliyonikaa kooni: "Hapa kila mwanafunzi anasikilizwa, anaheshimiwa na yuko nyumbani." Nimeisoma kwa sauti chumbani nikiwa peke yangu, na kila nikifika hapo nasita.

Tuna mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu. Maktaba yetu ina lifti, ila mlangoni imebandikwa karatasi ya "Haifanyi kazi" ambayo imekaa mpaka imegeuka rangi. Vitabu vya kozi yake viko ghorofa ya pili. Anachofanya ni kuandika majina ya vitabu kwenye karatasi, anampa mtu anayepanda, halafu anasubiri chini ya ngazi karibu na rafu za mabegi. Akiletewa kitabu kisicho chenyewe, anaanza upya. Sasa chuo kimetoa mabango mapya ya kuhimiza utofauti, na aliye mbele kabisa, akicheka, ni yeye. Alipopigwa picha aliambiwa ni ya kumbukumbu za darasa. Aliniambia, "Kwenye bango nimefika mbele. Maktaba ndiyo sijafika."

Kuna wenzetu wengine, wa imani yenye watu wachache hapa chuoni, ambao mtihani wao uliangukia siku yao ya ibada. Waliandika barua, wakajibiwa kwamba imepokelewa. Muhula uliofuata likatokea lilelile. Na kuna mhadhiri anayeiga matamshi ya wanafunzi wanaotoka katika kabila langu, darasa zima linacheka, naye anasema ni utani.

Ndiyo, nami natoka katika jamii ya walio wachache hapa. Nilipomuuliza afisa uhusiano kwa nini nisome mimi na si rais wetu, alinijibu kwa upole kabisa, "Ukionekana wewe, ujumbe umekamilika." Sidhani alikusudia kuniumiza, lakini niliumia.

Rais wetu anasema nisome tu, hotuba ni hotuba, tusije tukakosa fedha za shughuli zetu. Wengine wanataka nipande jukwaani kisha nichane ile karatasi mbele ya wageni. Kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi nimeshaitwa kibaraka kabla hata sijafungua mdomo. Nami chuo changu nakipenda, Shangazi. Kuna walimu walionishika mkono nilipokuwa nataka kuacha masomo. Sitaki kukiaibisha mbele ya wazazi, na sitaki kuwadanganya watoto wao.

Nisome? Nikatae? Au nijiuzulu niwaachie?

Makamu wa Rais

*

Marahaba mwanangu,

Jukwaani panda. Sentensi hiyo usiisome.

Chuo kina mkuu wake, kina ofisi ya uhusiano, kina tovuti na mabango. Kikitaka kujisifu, vyombo kinavyo. Wewe uko hapo kwa kura za wanafunzi, na kura mojawapo huenda ilipigwa na yule anayesubiri vitabu chini ya ngazi. Ukisimama mbele ya wageni ukasema kila mtu anasikilizwa, utakuwa umetoa ushahidi. Ushahidi wa kiongozi wa wanafunzi una uzito ambao bango haliwezi kuununua, na ndiyo sababu hotuba imeletwa kwako. Usiutoe kwa jambo unalojua si kweli. Wale wa mwaka wa kwanza watakuamini, na kuna mmoja wao atakayekwenda maktaba wiki hiyohiyo akiwa na kiti cha magurudumu.

Mwaka 1967 kamati ya maprofesa wa Chuo Kikuu cha Chicago iliandika ripoti juu ya namna chuo kinavyopaswa kusimama katika mambo ya jamii. Ripoti hiyo inabishaniwa hadi leo, hasa pale inapotaka chuo chenyewe kinyamaze. Lakini ndani yake wanasema chuo ni makao na mlezi wa wakosoaji, na kwamba kazi ya kukosoa ni ya mwalimu mmoja mmoja na mwanafunzi mmoja mmoja. Hapo nakubaliana nao kabisa. Kwa hiyo usijione msaliti wa chuo unachokipenda. Kusema ukweli ndani yake ni sehemu ya kazi ya chuo.

Sasa tuongee habari ya picha, kwa sababu hilo limenigusa kuliko hotuba yenyewe.

Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichoko Madison, Marekani, kilitoa kijitabu cha kuwavutia waombaji. Jaladani walionekana mashabiki weupe wakishangilia uwanjani, na kati yao uso wa mwanafunzi mweusi. Uso ule ulikuwa umetolewa kwenye picha nyingine na kupachikwa kwa kompyuta. Mwenyewe alisema hajawahi kwenda kutazama mechi hata moja ya chuo hicho. Chuo kiliomba radhi. Nataka ushike alichokidai kijana yule baadaye: hakutafuta fedha za mfukoni mwake, alitaka bajeti itengwe ya kuwaleta chuoni wanafunzi wa jamii za walio wachache. Walitumia sura yake kuonyesha kitu ambacho hakikuwapo, naye akawadai wakilete.

Picha ya mwenzako haikupachikwa, ni yeye mwenyewe. Hata hivyo aliambiwa ni ya kumbukumbu za darasa, na sasa inatangaza chuo. Ana haki ya kuuliza nani aliruhusu matumizi hayo, na ana haki ya kutaka iondolewe. Vilevile ana haki ya kuamua ibaki. Huenda anaipenda, huenda mama yake ameiona akafurahi. Uamuzi ni wake.

Hapa nakuomba uwe mwangalifu sana, mwanangu. Unaweza kujikuta unamfanyia jambo lilelile. Ukipanda jukwaani ukasema "tuna mwenzetu mlemavu hawezi kupanda maktaba," huku mamia ya watu wakigeuza shingo kumtafuta, utakuwa umemtumia kwa upande wako kama walivyomtumia kwa upande wao. Mfuate kwanza. Kaa naye, muulize anataka nini kisemwe, nani akiseme, na kama anataka kukisema mwenyewe. Vivyo hivyo kwa wale wa mtihani na wale wanaoigwa matamshi. Akikwambia hataki kutajwa kabisa, zungumzia lifti. Lifti haina aibu.

Na lifti yenyewe usiiombe kama fadhila. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, una kifungu cha 24 kinachohusu elimu, na kinataja mpaka elimu ya juu: mtu mwenye ulemavu aipate bila kubaguliwa, na marekebisho yafanywe kulingana na mahitaji yake. Nchi nyingi sana duniani zimeuridhia. Angalia kama yenu imo, kisha angalia sheria zenu na kanuni za chuo zinasemaje. Barua inayotaja kifungu hujibiwa tofauti na barua inayosema "tunaomba mtufikirie." Na lifti ikichelewa, kuna la kufanya leo: mhudumu wa maktaba apewe kazi ya kumshushia vitabu kwa orodha, au vitabu vya kozi ile vihamishiwe chini. Hilo halihitaji fundi wala zabuni.

La mitihani ndilo jepesi kuliko yote, na linaniudhi kwa sababu hiyohiyo. Siku za ibada hazimshtukizi mtu. Jumamosi ya Wasabato iko kila wiki. Sikukuu za Waislamu hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida, kwa hiyo ratiba isiyogongana nazo mwaka huu inaweza kugongana mwaka ujao, na kwa kuwa husubiriwa mwezi uandame, hubaki shaka ya siku moja. Ofisi ya mitihani ikipewa orodha ya siku hizo kabla haijaanza kupanga, inazikwepa au inaweka siku ya pili ya kufanyia mtihani. Ikipewa baada ya ratiba kubandikwa, kila mtu anakuwa adui. Ulizeni ratiba ya muhula ujao inaanza kupangwa lini, mfike kabla.

Mhadhiri ni suala zito zaidi na halifai kuingizwa kwenye hotuba hata kidogo. Lina mtu mmoja mwenye jina na kazi yake, na lina wanafunzi atakaowasahihishia mitihani. Wanaoigwa waandike kila mmoja alichokisikia, tarehe na somo, bila kuongeza chumvi, na wapeleke kwa mkuu wa idara au kwa mshauri wa wanafunzi, mkiwa mmekubaliana nani anaambatana nao. Utani unaomfanya mtu afunge mdomo darasani umeshamnyima sehemu ya masomo aliyolipia.

Kuhusu neno la afisa uhusiano. Una haki ya kuumia. Ulipita kote ukiomba kura, ukajibu maswali, ukachaguliwa, kisha mtu akakwambia kwamba kinachohitajika ni sura yako. Simshuku nia yake, na nadhani nawe hukumshuku. Lakini mwambie, kwa upole uleule aliotumia: "Nikisimama pale nasimama kama makamu wa rais. Naomba hotuba niiandike mimi." Watu wengi wa ofisi hizo hawajui lifti haifanyi kazi. Wanakaa jengo jingine, wanapewa kaulimbiu, wanaipamba. Unaweza kukuta wa kwanza kushangaa ni yeye.

Basi iandike. Chukua zile sehemu za hotuba yao usizokuwa na neno nazo, na pale penye sentensi inayokukwama weka kitu cha namna hii: "Hapa mtakutana na watu wa asili, imani na hali nyingi, na hilo ni jambo zuri la chuo chetu. Bado si kila mmoja wetu anafikiwa na kila huduma. Serikali ya wanafunzi imepeleka mambo kadhaa kwa uongozi wa chuo, na kabla muhula haujaisha tutawaeleza yamefikia wapi. Ukikwama, mlango wetu ni huu." Kisha taja ofisi yenu iko wapi na inafunguliwa lini. Mwanafunzi mgeni aliyetoka mbali atashukuru zaidi kujua mlango wa kugonga kuliko kuambiwa yuko nyumbani.

Maneno hayo hayamwaibishi mzazi wala chuo. Lakini yatakubana wewe, kwa sababu umeahidi kurudi na majibu. Kwa hiyo siku utakayoipeleka rasimu yako ofisi ya uhusiano, ambatanisha barua fupi kwa uongozi, nakala kwa mshauri wa wanafunzi na kwa rais wenu: lifti itatengenezwa lini na nani anaisimamia, orodha ya siku za ibada ipelekwe kwa nani, picha zinapigwa kwa ruhusa ya namna gani. Waombe tarehe. Mkikutana, andika muhtasari wa kikao na uwatumie wote siku hiyohiyo. Chuo kimetangaza kwa mabango yake kwamba kinajali, na ahadi ni deni. Hamwombi jipya, mnakumbusha kilichokwisha kuandikwa na chenyewe.

Wale wanaotaka uchane karatasi jukwaani, wasikilize lakini usifanye. Hasira yao ni halali. Ila kitendo hicho kitazungumzwa wiki moja, na kitakachozungumzwa ni karatasi iliyochanwa, wala si maktaba. Pia utakuwa umewavizia watu ambao hujawapa nafasi ya kurekebisha. Kama umeshawapa nafasi hiyo kwa maandishi na wakapuuza, hapo tutaongea lugha nyingine, na maandamano ya amani ni moja ya lugha hizo. Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, kilikaa miongo mingi na sanamu ya Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza. Machi 2015 wanafunzi walianza kudai iondolewe, baraza la wawakilishi wa wanafunzi likaunga mkono, na tarehe 9 Aprili mwaka huohuo ikaondolewa. Kulikuwa na waliopaza sauti nje na waliokwenda na hoja vikaoni. Kundi lako la WhatsApp na wewe mnaweza kugawana kazi hiyohiyo, mkiacha kuitana majina. Waombe wakusanye matukio yaliyothibitishwa wakuletee. Anayekuita kibaraka mpe kazi ya kuandika orodha ya siku za ibada.

Nimesema yaliyothibitishwa kwa makusudi. Mwaka huohuo wa 2015, Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, kilitikiswa na malalamiko ya ubaguzi wa rangi. Rais wa wanafunzi alikuwa ameeleza hadharani jinsi alivyotukanwa kwa rangi yake, na watu wengi wakaamka. Vuguvugu lililofuata lilijiita kwa mwaka 1950, mwaka ambao chuo kile kilimpokea mwanafunzi wake wa kwanza mweusi. Wachezaji wa timu ya mpira waligoma, na tarehe 9 Novemba rais wa chuo akajiuzulu. Mara baada ya hapo, katika usiku wa taharuki, kiongozi yuleyule wa wanafunzi akaandika mtandaoni kwamba Ku Klux Klan, kundi la weupe linaloeneza chuki na vitisho dhidi ya weusi, wameonekana chuoni na habari imethibitishwa. Haikuwa kweli, na ilimbidi aombe radhi. Kijana alikuwa na hofu, nami simhukumu. Lakini neno la kiongozi hubebwa na watu bila kuulizwa, na moja lisilo na hakika huwapa wapinzani sababu ya kuyatilia shaka yale kumi ya kweli. Kabla hujaandika kwamba lifti imekufa muda mrefu, tafuta tarehe ilipobandikwa ile karatasi.

Rais wako anahofia fedha, na hofu hiyo usiidharau. Someni pamoja katiba ya serikali ya wanafunzi. Ada mnazochangia wanafunzi ni jambo moja, ruzuku ya chuo ni jambo jingine, na mnapaswa kujua ni kipi kinaweza kuzuiwa na kwa utaratibu gani. Jueni pia sheria inayokihusu chuo chenu, maana mahali pengine mambo haya yamebadilika ghafla. Kule Texas, Marekani, sheria iliyoanza kutumika 1 Januari 2024 ilivikataza vyuo vya umma kuwa na ofisi za utofauti na ujumuishi. Ofisi zikafungwa, watu wakapoteza kazi. Sheria ileile imeziacha nje ya katazo shughuli za vyama vya wanafunzi vilivyosajiliwa. Nakutajia hilo kwa sababu chuo kinaweza kubadilisha ujumbe wake kwa amri moja, na kaulimbiu ikafutwa kwenye tovuti. Lifti iliyotengenezwa na utaratibu wa mitihani ulioandikwa kwenye kanuni ni vigumu zaidi kuviondoa. Elekeza nguvu zako huko.

Wakikataa hotuba yako? Waambie huna kinyongo, na kwamba ile yao aisome mtu wa ofisi yao, kwa jina lake. Wewe utoe salamu za serikali ya wanafunzi, za maneno machache: karibuni, ofisi yetu iko hapa, njooni. Jina lako liondolewe chini ya hotuba usiyoitoa, na uhakikishe limeondolewa hata kwenye nakala za tovuti.

Kujiuzulu sikushauri sasa. Ukiondoka leo, hotuba itasomwa na mwingine na barua ya mitihani itabaki imepokelewa. Siku utakayoona kiti chako kinatumika kuwafunika wenzako na huna tena namna ya kuzuia, hapo ondoka, na uandike sababu. Kabla ya hapo una kura ulizopewa na una kipindi cha kukitumikia.

Anza na mwenzako wa maktaba, leo kama unaweza, mkiwa wawili. Rasimu ipeleke ofisi ya uhusiano mapema, wasije wakapata kisingizio kwamba ratiba imeshachapwa. Kisha niandikie walikujibu nini kuhusu tarehe ya lifti.

Shangazi